Kufua nguo katika safari ya meli ya majuma mawili: tuchague meli gani, na tubebe nini?

Nnalongo wa Ntinda anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kampala. Dada yangu mkubwa, anayeishi Uingereza kwa muda mrefu sasa, ametualika sisi wote, yaani mimi, mume wangu Ssalongo, pacha wetu wa miaka minne na mama mkwe wangu, tuandamane naye katika safari ya meli ya kitalii ya majuma mawili. Meli itaondoka Southampton, itapita katika bandari za Ureno, Hispania na Italia, kisha itarejea Southampton. Habari za viza, nauli na bima tunaendelea kuzishughulikia, na sizileti hapa. Swali langu ni moja, nalo linanisumbua kuliko hayo yote: nguo tutazifuaje?

Nyumbani tuna binti anayenisaidia, tuna maji, tuna uwanja wenye jua, na pacha wakichafua nguo mara tatu kwa siku hakuna anayeshtuka. Melini nimeambiwa kwamba chumba ni kidogo, kwamba hakuna mahali pa kuanika, na kwamba pasi ikikutwa katika sanduku wakati wa ukaguzi huchukuliwa na kuhifadhiwa mpaka siku ya kushuka. Jambo hili la pasi ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu tangu utotoni nimefundishwa kupiga pasi kila kilichoanikwa nje, hata soksi na nguo za ndani, kwa ajili ya yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Siwezi kumvika mtoto nguo ambayo haikupita kwenye pasi, kisha nikalala kwa amani.

Dada ametupa hiari ya meli mbili. Moja ni ya kampuni ya P&O, ambayo ina vyumba vya abiria kujifulia wenyewe. Nyingine ni ya Royal Caribbean, yenye michezo mingi ya maji kwa watoto, lakini haina vyumba vya namna hiyo. Je, ni busara kuchagua meli kwa ajili ya mashine ya kufulia? Aidha, tukichukua chumba chenye roshani, inaruhusiwa kuanika huko? Na mama mkwe, ambaye ni mtu wa haya na anayejiheshimu sana, amesema wazi kwamba nguo zake za ndani hazitafuliwa na mtu asiyemjua. Naomba ushauri wa waliosafiri au waliofanya kazi huko.

Baharia wa Mbale anajibu:

Nnalongo, hongera kwa mwaliko huo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyehamia Mbale baada ya kuoa huku, na kabla ya kuhama nilifanya kazi katika chumba kikuu cha kufulia cha meli ya abiria. Nitakueleza mambo kama yalivyo kule chini ambako abiria hawafiki.

Kila meli kubwa ya kitalii ina chumba kikuu cha kufulia katika sitaha za chini, na kazi humo haisimami usiku wala mchana, kwa sababu mashuka, mataulo, vitambaa vya meza na sare za mabaharia ni vingi kupita kiasi. Nguo za abiria ni sehemu ndogo tu ya mzigo huo. Maji yenyewe kwa kiasi kikubwa hutengenezwa humo humo melini kutokana na maji ya bahari, ama kwa kuyageuza mvuke kwa joto la injini na kuukusanya mvuke huo, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu katika vichujio vinavyozuia chumvi. Kwa hiyo usiogope kwamba nguo zitarudi na chumvi.

Abiria akitaka kufuliwa, hukuta mfuko na karatasi ya bei ndani ya kabati la chumba chake. Huandika idadi ya kila aina ya nguo, hutia nguo mfukoni, na humkabidhi mhudumu wa chumba. Kwa kawaida nguo hurudi kesho yake au keshokutwa, na akizitaka upesi zaidi bei hupanda. Bei hutozwa kwa kila nguo, na hapo ndipo familia yenye watoto huumia, kwa kuwa soksi ya mtoto hulipiwa kana kwamba ni ya mtu mzima. Kampuni nyingi ambazo hazina mashine za abiria, na Royal Caribbean ni miongoni mwao, hutoa nafuu katikati ya safari: unapewa mfuko, unaujaza nguo ndogo ndogo kama fulana, soksi na nguo za kulalia, na unalipa bei moja kwa mfuko mzima. Soma masharti ya mfuko huo kabla ya kuujaza, kwa sababu huwa yanataja nguo zinazokubaliwa, na fahamu kwamba nguo zote hufuliwa pamoja kwa maji ya moto na kukaushwa kwa joto kali.

Kuhusu mashine za abiria, kampuni za meli za Cunard na P&O hutoa vyumba vya kujifulia bila malipo. Princess na Disney wanavyo pia, lakini kwa malipo. Royal Caribbean, Celebrity na MSC hawana. Carnival wanavyo kwa malipo katika meli zao nyingi, ila Mardi Gras, iliyoanza safari mwaka 2021, haina, nami naitaja ili uone kwamba hata ndani ya kampuni moja meli hutofautiana. Usiulize kampuni tu. Taja jina la meli. Na kwa kuwa mna watoto, hakikisheni kwamba meli ya P&O mnayoichagua si Arcadia wala Aurora, kwani hizo mbili ni za watu wazima pekee.

Sasa niseme juu ya pasi na roshani, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Moto ndio tunaouogopa baharini kuliko dhoruba. Tarehe 20 Julai 1998 meli iitwayo Ecstasy ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka Miami. Mafundi walikuwa wakichomelea vyuma katika chumba kikuu cha kufulia, na cheche zikawasha zile nyuzinyuzi za nguo zinazojikusanya kwenye njia za hewa. Moto ulisafiri ndani ya njia hizo mpaka nyuma ya meli, ukazifikia kamba za kufungia meli bandarini, na moshi ukaonekana mpaka pwani. Miaka minane baadaye, Machi 2006, meli ya Star Princess iliungua karibu na Jamaika, moto ukaanzia kwenye roshani ya abiria na kupanda kutoka roshani moja hadi nyingine, na msafiri mmoja akafariki. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye kipande cha sigara, na baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili vitu vinavyowekwa kwenye roshani visiwe vya kuwaka kwa urahisi. Ndiyo maana pasi haikubaliwi chumbani, hata ile ndogo ya safari, hata ile ya mvuke. Na ndiyo maana nguo hazianikwi roshanini, mbali na kwamba upepo wa baharini utazibeba na kuzitupa kwenye roshani za watu wengine au majini. Mhudumu akizikuta, atazitoa, na atakuwa anatimiza wajibu wake.

Pasi utaipata katika vyumba vya kujifulia vya P&O, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Kwa familia yenye pacha wa miaka minne na mama mwenye haya, mimi ningechagua meli hiyo bila kusita.

Mwalimu Mstaafu, Jinja, anajibu:

Namshukuru Baharia kwa maelezo yake, hasa juu ya moto, na sina la kuongeza hapo. Hata hivyo sikubaliani naye kwamba meli ichaguliwe kwa sababu ya mashine. Nnalongo anakwenda kupumzika na kuwafurahisha watoto, na nimewaona akina mama waliokaa katika vyumba vile vya kujifulia, vyenye joto na makelele, wakisubiri mashine huku wenzao wakiitazama pwani ya Ureno ikipita. Mimi na mke wangu tumesafiri kwa meli isiyokuwa na mashine za abiria, na tulitoka safi.

Kwanza, Nnalongo, hesabu vizuri. Safari yenu inaanzia na kumalizikia karibu na nyumba ya dada yako, ambako bila shaka kuna mashine. Nguo mnazopanda nazo zitakuwa safi, na nguo mnazoshuka nazo zinaweza kuwa chafu zote bila madhara. Tatizo lenu ni la katikati tu. Kila mtu akibeba nguo za juma moja, mnahitaji kufua nguo za juma la pili, na hata hizo si zote, kwa sababu suruali na sweta havihitaji kufuliwa kila vinapovaliwa. Kwa kuwa hamtapanda ndege kutoka kwa dada hadi melini, hakuna atakayepima masanduku yenu kama wanavyopima katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Dada anaweza hata kuongeza sanduku la nguo za watoto kutoka kwake.

Pili, kufua kwa mkono chumbani si jambo la kudharau. Bebeni sabuni ya mche, ile tunayoikata vipande madukani. Si kimiminika, kwa hiyo haiguswi na ile sheria ya mililita 100 za kimiminika katika mzigo wa mkononi wa ndege, haimwagiki sandukuni, na kipande kimoja kinatosha familia. Sinki la chumbani ni dogo, basi fueni jioni kwa jioni, nguo chache, wala msingoje zirundikane. Loweka wakati mnakwenda kula chakula cha jioni, suuza mkirudi. Kisha lipo jambo linalopuuzwa na wengi: tandika taulo kavu kitandani, laza nguo iliyokamuliwa juu yake, kunja vyote pamoja kama unavyokunja mkeka, na ukamue kwa nguvu au upige magoti juu yake. Taulo hunyonya maji yaliyobaki, na nguo nyepesi huamka imekauka. Taulo lenyewe mhudumu atalibadilisha.

Mahali pa kuanika papo. Katika vyumba vingi kuna kamba nyembamba iliyojikunja ndani ya kisanduku kilichobandikwa ukutani juu ya mahali pa kuogea. Unaivuta mpaka ukuta wa pili na kuinasa. Zaidi ya hayo, kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, hivyo kulabu zenye sumaku hushika barabara, nazo ni nyepesi na za bei ndogo. Bebeni chache, pamoja na vibanio. Hewa ya kiyoyozi chumbani ni kavu na husaidia kukausha, lakini bafuni unyevu hukaa, kwa hiyo nguo ikishaacha kudondosha maji ihamishie chumbani. Ninachokisema kinahusu fulana, blauzi, nguo za ndani na nguo za watoto. Jinzi msithubutu, haikauki, hunuka, na huharibu hewa ya chumba kizima.

Na hapa ndipo namjibu mama mkwe wako, ambaye naomba unifikishie salamu zangu za heshima. Nguo zake za ndani atazifua mwenyewe, ataziweka nyuma ya pazia la bafu, na hakuna mgeni atakayezigusa. Kwa hilo hahitaji meli yenye mashine.

Muuguzi wa Arua anajibu:

Nnalongo, mimi nitazungumzia yale mawili yanayogusa afya, kwanza huyo nzi wako.

Hofu yako ina msingi kamili hapa kwetu. Nzi huyo hutaga mayai kwenye udongo mkavu wenye kivuli na kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Funza wakianguliwa wanaweza kukaa kwenye nguo wakingoja ngozi, na nguo ikivaliwa hupenya, kisha linatokea jipu lenye tundu katikati ambalo akina mama wengi wamewahi kulikamua kwa mtoto. Joto la pasi, pande zote mbili za nguo na hasa kwenye mishono na mikunjo, huwaua. Lakini nzi huyo ni wa nchi zetu za joto. Hayupo ndani ya chumba kilichofungwa katikati ya bahari, na nguo iliyokauka bafuni melini haikupata nafasi ya kutagiwa. Kwa hiyo kazi yako ya pasi ifanyike Ntinda, kabla ya kufunga masanduku. Piga pasi kila kitu kwa uangalifu, pamoja na mataulo madogo na kofia za watoto, ukunje, ufunge. Baada ya hapo, nguo inayofuliwa na kukaushwa ndani ya meli unaweza kumvika mtoto bila pasi, nawe ukalala kwa amani uliyoitaja. Mkirejea nyumbani, endelea na desturi yako kama kawaida.

Jambo la pili ni zito zaidi. Melini watu wengi hula pamoja, hushika vyuma vile vile vya ngazi, na watoto hucheza katika chumba kimoja, basi ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoletwa na virusi vya noro husambaa kwa urahisi. Mtoto akitapika unaweza kudhani ni kichefuchefu cha mawimbi, na mara nyingi ni hivyo, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Nguo, shuka au taulo lenye matapishi au kinyesi cha kuhara usilioshe katika sinki mnalopigia mswaki, wala usilibebe ukalipeleke katika mashine ya abiria wote. Usilikung'ute, kwa sababu virusi hurushwa hewani. Likunje kwa ndani, litie katika mfuko wa plastiki, lifunge, mpigie simu mhudumu au kituo cha afya cha meli, na uwaeleze waziwazi. Wana utaratibu maalumu wa kufua nguo za namna hiyo peke yake kwa maji ya moto sana, na wana dawa za kusafishia chumba. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuambiwa wabaki chumbani. Kufanya hivyo ni kuwaweka wazee walio katika vyumba vya jirani hatarini, na mama mkwe wako naye ni miongoni mwa watakaoumia zaidi. Kisha osheni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi haiwezi kitu sana mbele ya virusi hivyo.

Kuhusu meli, mimi namuunga mkono Baharia. Mwalimu ameeleza vizuri sana kufua kwa mkono, lakini yeye na mke wake ni watu wazima wawili. Mtoto wa miaka minne humwaga juisi asubuhi, hujipaka aiskrimu mchana, na huenda akakojoa kitandani usiku kwa ugeni wa mahali. Zidisha kwa wawili.

Muuza Vitenge, Owino, anajibu:

Nnyabo, naongeza neno fupi juu ya vitambaa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Kitenge kipya kisipelekwe melini kabla hakijafuliwa nyumbani, tena mara mbili au tatu, kila kimoja peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Kikiingia katika ule mfuko wa bei moja kikiwa bado kinatoa rangi, kitaharibu fulana za familia nzima, na karatasi unayotia sahihi huwa inasema kwamba hawawajibiki kwa rangi inayotoka. Vitenge vya pamba halisi pia hupungua kidogo katika mashine ya kukaushia. Ukiwashonea watoto, mwambie fundi aache nafasi, au uviepushe na mashine hiyo.

Gomesi la mama mkwe wako, lile vazi lake refu la heshima, lisifuliwe melini kabisa, wala kwa mkono wala kwa mashine. Vitambaa vyake vinavyoteleza huvutika na kukunjamana, na lile bega likipoteza umbo hakuna fundi wa Ulaya atakayelirudisha. Abebe mawili, alivae moja katika usiku wa mavazi rasmi, na baada ya kulivua alitundike wazi lipate hewa. Mikunjo ya sandukuni hupungua sana ukilitundika bafuni wakati mtu anaoga maji ya moto, mbali na maji yenyewe. Kanzu ya Ssalongo ni rahisi zaidi: akiivaa na koti lake anakuwa rasmi kuliko wengi, nayo ikipata doa la chakula, lifue doa peke yake kwa sabuni ya mche papo hapo, kabla halijakauka. Doa la mvinyo mwekundu au la nyanya likilala usiku mmoja kwenye kanzu nyeupe, ni shida kubwa kulitoa.

Nguo za kutembelea mchana ziwe za rangi za kati, zenye maua au michirizi. Nyeupe tupu huonyesha kila kitu, na nyeusi huonyesha chumvi ya jasho.

Nnalongo wa Ntinda anarudi:

Nawashukuruni wote kutoka moyoni. Maelezo ya Muuguzi juu ya nzi yameniondolea mzigo ambao nilikuwa nimeubeba peke yangu, kwa sababu kila niliyemweleza alidhani nasumbuka bure. Nimemsomea mama mkwe maneno ya Mwalimu, amefurahi na anakusalimu. Amesema atafua vyake mwenyewe popote tutakapokuwa.

Nimezungumza na dada na Ssalongo, na tumeamua kuchukua meli ya P&O, moja kati ya zile zinazopokea watoto. Sababu kubwa ni pacha. Tutatumia njia zote mbili: vitu vidogo kwa mkono kila jioni kama alivyoshauri Mwalimu, na mashine mara moja katikati ya safari. Nina maswali mawili ya mwisho kwa Baharia. Ni wakati gani chumba cha kujifulia huwa na nafasi? Na je, nikikosa mashine, naweza kutafuta dobi katika mojawapo ya bandari tutakazotia nanga?

Baharia wa Mbale anajibu:

Dada Nnalongo, mmechagua vyema, na Mwalimu asinikasirikie, kwani sabuni yake ya mche nami naiunga mkono.

Chumba cha kujifulia hujaa zaidi asubuhi ya siku ambayo meli iko baharini mchana kutwa, na pia jioni ya kuelekea usiku wa mavazi rasmi, wakati kila mtu anataka pasi. Huwa na nafasi meli inapokuwa bandarini na abiria wengi wameshuka, na tena wakati wa chakula cha jioni. Kwa kuwa mko watu wazima wanne, gawaneni: bandari moja ambayo hamkuipania sana, mmoja wenu abaki na nguo huku wengine wakishuka na watoto. Angalia saa zilizobandikwa mlangoni, maana vyumba hivi hufungwa usiku kwa ajili ya wanaolala jirani.

Ukishatia nguo katika mashine, angalia muda uliobaki na urudi kabla haujaisha. Mtu mwingine akikuta mashine imemaliza na mwenyewe hayupo, atazitoa nguo na kuziweka juu ya meza, na mabishano mengi niliyoyasikia melini yalianzia hapo. Kabla ya kuwasha mashine ya kukaushia, vuta kile kichujio cha nyuzinyuzi mlangoni na ukifute kwa mkono, hata kama si wewe uliyekijaza. Nimekueleza kilichotokea mwaka 1998. Watoto wasiingie humo. Pasi za moto huwa juu ya meza zinazoyumba na meli.

Kuhusu dobi wa bandarini, sikushauri katika safari hii. Miji ya Hispania na Italia ina maduka ya mashine za kujifulia, na mtu anayekaa hotelini huyatumia vizuri. Lakini meli za ukubwa huo kwa Roma hutia nanga Civitavecchia, mbali na mji wenyewe, na bandari nyingine nazo zina umbali wake. Saa ya mwisho ya kurejea melini hutangulia saa ya kuondoka, na nahodha hamngojei abiria aliyekwenda dobi. Mngetumia nusu ya siku yenu ya Italia mkitazama nguo zikizunguka, ilhali mashine za bure zimo melini. Nguo uliyoikabidhi kwa mtu ili uichukue baadaye ni hatari zaidi, kwa sababu akichelewa, nguo itabaki nchi nyingine.

Jambo la mwisho linahusu siku ya kushuka, kwani huwakuta watu wengi bila kutazamia. Usiku wa mwisho abiria hutakiwa kuacha masanduku nje ya mlango wa chumba ili yashushwe mapema, na huyaona tena ndani ya jengo la bandari. Basi msifue chochote katika siku mbili za mwisho, hata kwa mkono, isipokuwa lazima. Nguo mbichi iliyofungwa sandukuni usiku kucha itatoka na harufu ya ukungu, na itaipitisha kwa zote. Zile chafu zifungeni katika mfuko wake zisubiri mashine ya dada. Kila mmoja abaki na nguo ya kulalia, nguo ya kuvaa asubuhi na viatu ndani ya mfuko wa mkononi, na kwa pacha wekeni nguo mbili mbili, pamoja na taulo dogo na kile kipande cha sabuni.